Tambi za Pilipili Mjini Tabora: Mpagazi na Mzigo Wake



Mwezi huu tunawaalika tusafiri pamoja hadi Tabora. Tulikwenda wanne kutoka Dar es Salaam, kumsindikiza mwenzetu aliyekuwa anakwenda kumtazama binti yake aliyeolewa huko. Katika mizigo yetu mlikuwa na kanga, sabuni, na pakiti chache za tambi za mchele. Hizo tambi ndizo zilizotufanya tuandike habari hii.

Mjukuu wa mwenzetu, mtoto wa miaka 3, alikuwa ameukataa ugali. Kila akiwekewa, hugeuza uso. Mama yake ni fundi cherehani, hurudi nyumbani jioni amechoka, naye alikuwa ameona njia ya mkato: tambi za pakiti, zile zinazoiva kwa dakika chache na kutiwa unga wa viungo uliomo ndani ya pakiti. Mtoto alizipenda. Alikula, akashiba, akalala. Lakini kadi ya kliniki ilisema neno jingine. Kwa miezi mitatu mstari wa uzito ulikuwa umelala tu, haupandi. Bibi yake alipopata habari hiyo kwa simu, usingizi ulimpaa.

Mmoja wetu alikuwa amewahi kuonja kwenye karamu ya harusi tambi za Kithai, zilizokaangwa kwa pilipili, mayai na karanga. Alizipenda, akajifunza kuzipika. Ndiye aliyesema, "Kama mtoto hataki ila tambi, basi twende tukampikie tambi zenye kitu ndani." Hivyo tukafunga safari.

NJIA YA WATU WENGI

Tulipanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha tukashika basi kupitia Bahi, Manyoni na Itigi. Anayepita huko leo huona lami na vichaka. Lakini sehemu kubwa ya safari hiyo iko karibu na njia ya zamani ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pori lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi wasafiri wa zamani waliliita Mgunda Mkali, kwa sababu ya uhaba wa maji na chakula. Sisi tulilivuka tumeketi, chupa za maji mkononi. Wao walilivuka kwa miguu, siku baada ya siku.

Kutoka pwani hadi Tabora msafara ulichukua yapata miezi mitatu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kubeba, na kila mmoja alichukua mzigo wa kama kilo 30: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na waya kurudi bara. Walipita pia watumwa, wanaume, wanawake na watoto. Haifai kuisifu njia hii bila kuyakumbuka machozi yao.

Jambo moja husahauliwa. Wanawake nao walisafiri katika misafara. Wake wa wapagazi walitembea pamoja na waume zao, wamebeba vyungu na vyakula, na jioni wenzao walipotua mizigo, kazi yao ndiyo kwanza ilianza. Walitafuta kuni, walitwanga, walipika. Kama si wao, mizigo mingi isingefika.

Kule Kwihara, kilometa chache nje ya mji wa Tabora, limehifadhiwa tembe alilokaa Daktari David Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo mwezi Machi mwaka huo, naye akasubiri wapagazi na vifaa hadi Agosti. Sisi tulipofika tulimkumbuka Halima, mpishi wake. Livingstone, katika shajara aliyoiandika huko Unyanyembe, alimsifu kwa uaminifu na bidii yake, akasema anakusudia kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar. Livingstone alifariki mwaka uliofuata. Lakini tulifurahi kujua kwamba mtu mashuhuri namna ile alitambua kuwa maisha yake yalitegemea mikono ya mwanamke aliyesimama mbele ya mafiga.

SWALI LA BIBI

Tulipokelewa vizuri mno. Mama mkwe wa binti, mama Mnyamwezi mwenye umri mkubwa, alitusalimu asubuhi kwa "Mwangaluka!" nasi tukaitikia vivyo hivyo, akacheka kwa matamshi yetu. Alipozitoa zile tambi ndani ya pakiti alizishika juu, nyeupe na nyembamba, akazitazama kwa muda.

"Mkwe wangu," akamwambia mwenzetu, "huyu mpagazi wenu ana mgongo mrefu. Lakini mzigo wake uko wapi?"

Sote tulicheka, kisha tukanyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Tambi ni mpagazi. Kazi yake ni kubeba. Ukimtuma mpagazi bila mzigo atafika, tena atafika upesi, lakini nyumbani hapataingia kitu. Hilo ndilo lililompata mtoto wetu. Kila siku mpagazi alifika mikono mitupu.

Tuangalie hesabu. Sahani ya tambi za mchele zilizopikwa, yenye gramu 200, ina kalori 215 hivi. Karibu zote ni za wanga. Protini ni kama gramu 4 tu. Tambi za ngano zina protini zaidi, lakini nazo peke yake hazimjengi mtoto. Zile za pakiti zinazoiva haraka, nyingi zimekwisha kukaangwa kwa mafuta kiwandani, na kile kipakiti cha viungo kina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Zipo pakiti za tambi ambazo peke yake hubeba nusu ya kiasi hicho au zaidi. Sasa fikiri mtoto mdogo apewe kila siku.

Hatusemi haya kumlaumu mama yule. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo siku ya uchovu? Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 hapa Tanzania wamedumaa. Wengi wa watoto hao hawalali njaa. Wanashiba, ila wanashiba kitu kilekile.

CHAKULA KILICHOTOKA MBALI, NA KILICHOTOKA KWETU

Thailand ni nchi ya Asia ya kusini-mashariki. Tambi zilifika huko na Wachina, na kile chakula kiitwacho pad thai kilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya huko ilipohimiza wananchi wakile. Mpishi hukaanga tambi za mchele katika karai kwa moto mkali, akatia mayai, uduvi wakavu, karanga zilizosagwa, pilipili, ndimu na maji ya ukwaju.

Tulipofika sokoni Tabora na orodha yetu tulidhani tutakwama. Hatukukwama. Uduvi haukuwapo, lakini dagaa wakavu wa Kigoma walikuwapo tele. Mchuzi wa samaki wa Kithai haukuwapo, wala hatukuuhitaji, maana una chumvi nyingi. Karanga zilikuwapo, na pilipili, ndimu, vitunguu, mchicha na mayai. Ukwaju nao ulikuwapo. Tena mkwaju asili yake ni Afrika yetu. Ulikwenda Asia zamani sana. Pilipili na karanga ndizo wageni. Zote mbili zilitoka Amerika na kuenezwa huku na Asia baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo kabla ya hapo hata Wathai hawakuwa na pilipili hizi. Waarabu waliokaa Tabora katika karne ya 19 walilima mpunga, ngano na vitunguu kuzunguka mji. Hivyo vyakula vingi tunavyoviona vya kawaida viliwahi kuwa wageni njiani.

Mkoa huu wa Tabora una habari yake kuhusu karanga. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo hapa Tabora. Walileta matrekta makubwa, wakatumia mamilioni ya paundi. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Ardhi na mvua hazikufuata mipango ya ofisini. Lakini mama wa Tabora mwenye jembe la mkono analima karanga zake hadi leo, na ndizo tulizonunua.

KUUFUNGASHA MZIGO

Tazama sasa mpagazi akibebeshwa. Sahani ilikuwa na gramu 4 za protini. Yai moja linaongeza gramu 6. Kiganja cha karanga, gramu 30, kinaongeza gramu 7 na kalori kama 170, pamoja na mafuta mazuri. Tumefika gramu 17 kabla hatujatia dagaa. Nao dagaa huleta protini nyingi, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, huleta kalisi. Mtoto wa miaka 3 huhitaji kama gramu 13 za protini kwa siku nzima, kwa hiyo hata nusu ya sahani hiyo inamsogeza mbali.

Mchicha unaleta madini ya chuma, na karoti inaleta vitamini A. Chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida kidogo. Hapo ndipo ndimu na pilipili mbichi zinapofanya kazi, kwa sababu vitamini C husaidia kukiingiza. Wengi hawajui kwamba pilipili mbichi, uzito kwa uzito, ina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Lakini moto huiharibu, basi ndimu ikamuliwe mwishoni, sufuria ikiwa imeshuka. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa maana hukizuia kile chuma. Subirini saa moja au mbili.

Kuhusu ukali wa pilipili, wapo wanaoamini kwamba ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo. Sivyo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria na baadhi ya dawa za maumivu. Lakini mwenye vidonda tayari, pilipili huweza kumchoma, naye apunguze. Ikikuzidi mdomoni, maji hayasaidii sana. Maziwa ndiyo yanayotuliza.

TAMBI ZA KUKAANGA ZA TABORA (watu 5)

Mahitaji:
- Tambi za mchele au za ngano, gramu 400
- Mayai 4
- Dagaa wakavu, kikombe 1
- Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1
- Vitunguu maji 2 na vitunguu saumu punje 4
- Karoti 2 na mchicha fungu 1
- Ukwaju, donge la ukubwa wa yai
- Asali, vijiko vidogo 2
- Mafuta, vijiko vikubwa 3
- Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko kidogo
- Ndimu 2
- Pilipili mbichi 1 au 2

Namna ya kutayarisha:
1. Loweka ukwaju katika kikombe cha maji ya moto, ukamue, uchuje. Changanya na asali na chumvi.
2. Toa vichwa vya dagaa, waoshe vizuri mchanga utoke, wakaushe, kisha wakaange bila mafuta hadi wawe wakavu na kunukia.
3. Chemsha tambi hadi zikaribie kuiva, zisilegee. Chuja, zimwagie maji baridi yaliyo safi.
4. Katakata mboga zote kabla ya kuinjika karai. Chakula hiki hakikungoji, moto ni mkali na kazi ni ya dakika chache.
5. Pasha mafuta, kaanga vitunguu, kisha karoti na dagaa. Visukume kando, vunja mayai, yakoroge yaive kabisa.
6. Tia tambi na maji ya ukwaju, geuza kwa mwiko. Tia mchicha, geuza mara chache.
7. Ipua. Kamulia ndimu, changanya karanga. Pakua kwanza sahani za watoto wadogo, ndipo utie pilipili kwa ajili ya wakubwa.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa, kwani kila kijiko kikubwa kina kalori 120. Ukipata mawese ya Kigoma, kijiko kimoja kati ya vile vitatu kiwe cha mawese; wekundu wake ndio chanzo cha vitamini A. Msimu wa mvua unaweza kuongeza uyoga wa misitu ya miombo, lakini nunua kwa wale wanaoujua tangu zamani, kwa kuwa upo uyoga unaoua.

TAHADHARI KWA MAMA

Kwanza, karanga. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi usizipike, wala usiwape kuku. Huenda zina sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi. Chagua karanga moja moja, kama wachaguavyo mchele mama zetu. Na mtoto mdogo asipewe karanga nzima, huweza kumkaba. Mpe zilizotwangwa, kidogo kwanza, umwangalie. Akivimba au kupata shida ya kupumua, mkimbize hospitali.

Pili, asali. Tabora inasifika kwa asali, na mgeni haondoki bila chupa. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, maana inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Tatu, mtoto ambaye mstari wa uzito wake umelala apelekwe kliniki. Chakula kizuri hakichukui nafasi ya uchunguzi.

JIONI ILE

Tulipika juu ya jiko la mkaa uani, sote watano tukizunguka karai, na yule bibi akishika mwiko maana alikataa kutuachia. Mtoto alivutwa na harufu. Aliketi karibu na bibi yake mzaa baba, akaziona tambi, akafurahi. Alipoona mchicha alitaka kuutoa kwa vidole. Bibi hakumgombeza. Alimwambia, "Mjukuu wangu, mpagazi hatupi mzigo njiani," kisha akala naye katika sahani moja, tonge kwa tonge. Mtoto hakumaliza. Alikula yai, karanga na tambi, na mchicha kidogo. Ilitosha kwa siku ya kwanza.

Binti alikuwa kimya, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilidhani nampa kinachompendeza." Mwenzetu akamshika mkono. Mama mkwe akajibu kabla yetu, "Mwanangu, ulimpa. Sasa tunamwongezea." Tunadhani kila mama kijana angehitaji mkwe wa namna hiyo.

Asubuhi yake walikwenda kliniki. Mtoto alikutwa na minyoo, akapewa dawa, na mama akaelekezwa kumlisha mara nyingi zaidi kwa siku. Wakakubaliana nyumbani kwamba pakiti zile hazitakatazwa kabisa, ila kile kipakiti cha viungo kitatupwa, na tambi hazitapikwa bila yai, karanga au dagaa. Na siku za ugali na mlenda ziendelee, mtoto ale na bibi yake.

Miezi miwili baadaye simu ililia. Mstari wa kadi ulikuwa umeanza kupanda, si sana, lakini unapanda. Tulimshukuru Mungu palepale.

Dada wapendwa, yule mwanamke wa Mithali sura ya 31 anafananishwa na merikebu za biashara, zinazoleta chakula kutoka mbali. Tulikuwa tukiisoma sura hiyo tukidhani inawahusu wenye mali. Kumbe mbali kwenyewe kumekwisha kufika karibu. Pilipili imetoka ng'ambo ya bahari, dagaa wametoka Kigoma, ukwaju umetoka porini, na vyote vinauzwa kwa mafungu sokoni. Kilichobaki ni jicho la mama, leo jioni, kabla ya kupakua: mpagazi amefika, je, amebeba nini?